Siku moja ya mionzi, au thelathini

Mwanangu Rehema,

Nimeipokea barua yako. Umeniuliza kwa nini baba mkwe wako, ambaye saratani ya mapafu imemwenea hadi kichwani, amepangiwa mionzi ya siku moja tu, ilhali shangazi yako alikwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road siku 5 kila wiki kwa majuma 6. Na kama siku hiyo moja ina maana kwamba madaktari wamemkatia tamaa. La hasha. Idadi ya siku hutegemea mipaka ya uvimbe na viungo vilivyo jirani nao.

Uvimbe wa shangazi yako ulikuwa gliyoma. Ulianzia ndani ya ubongo wenyewe na kupenya katikati ya seli zenye afya, hata picha ya MRI isiweze kuonyesha unakoishia. Kwa kuwa mionzi ilibidi iangukie pia ubongo wenye afya uliouzunguka, grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) ziligawanywa mara 30, ili seli zenye afya, ambazo hujikarabati vizuri kuliko za saratani, zipate nafasi kila baada ya dozi.

Vivimbe vya baba mkwe wako, kama unavyovieleza, ni viwili, vidogo, na kingo zake zinaonekana. Kwa uvimbe wa namna hiyo hutumika njia aliyoiasisi daktari Lars Leksell wa Sweden mwaka 1951: miale mingi myembamba hutokea pande mbalimbali, kila mmoja ukiwa dhaifu, na yote hukutana penye uvimbe. Uvimbe usiozidi sentimita 2 huweza kupewa grei 20 hadi 24 kwa mara moja. Ukikaribia sentimita 4 dozi hushushwa hadi kama 15, kwa sababu ubongo wa pembeni nao hupokea nyingi zaidi.

Dozi kubwa hivyo haivumilii kichwa kusogea hata milimita chache. Ndiyo sababu atatengenezewa barakoa: bamba la plastiki lenye matundu hulainishwa katika maji ya moto, hutandazwa usoni likiwa vuguvugu, kisha hukakamaa likipoa, likifuata pua na kidevu chake. Hubana, na huacha alama za matundu kwenye paji la uso kwa muda. Kama ana ndevu nyingi, azinyoe kabla ya kupimwa, si baada.

Kuhusu ule uvimbe mwingine uliosema uko kwenye pingili ya mgongo wake, hapo mimi ningekuwa mwangalifu zaidi kuliko kichwani, kwani ugwe mgongo, ile kamba ya neva itokayo ubongoni, hupita milimita chache tu nyuma ya mfupa huo, na ukiungua mtu hupooza. Mashine za sasa huweza kuikunja dozi ikauzunguka ugwe kwa umbo la U, mradi picha ichukuliwe akiwa amelala mezani kabla mionzi haijawashwa. Ulizeni ugwe utapokea grei ngapi.

Protoni mnazosikia zikisifiwa, yaani mionzi ya chembe ndogo badala ya miale ya kawaida, zina faida kubwa kwa watoto ambao ubongo na mgongo wote hulazimika kupigwa mionzi, kwa sababu hukoma mahali zilipoelekezwa bila kupita hadi moyoni. Sioni kwa nini mzee auze shamba kuzifuata.

Vile vidonge vya deksamethasoni, vya kupunguza kuvimba kwa ubongo, asiviache ghafla hata akijiona mzima. Daktari ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako