Friza ya pili na Misa ya Jumapili

Mwanangu, umeuliza kama uache biashara ya samaki hapo Bagamoyo, kwa sababu tangu ununue friza ya pili umekosa Misa Jumapili nne, na shoga yako anakwambia tajiri haingii mbinguni.

Shoga yako kasoma nusu. Kweli, katika Marko 10 Yesu alimwambia yule tajiri auze vyote. Lakini Zakayo, mtoza ushuru tajiri, aliahidi maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne, akaambiwa wokovu umefika nyumbani mwake. Lidia naye alikuwa mwuza vitambaa vya rangi ya zambarau, bidhaa ya wenye pesa, na ndiye aliyewakaribisha kina Paulo kwake. Tena Paulo akimwandikia Timotheo hakulaumu fedha, alilaumu kuipenda.

Mimi friza hainisumbui. Zinanisumbua hizo Jumapili nne. Mnada wa asubuhi naujua, mashua zikitia nanga hazimngoji padri. Basi nenda Misa ya Jumamosi jioni, Kanisa Katoliki linaihesabu kuwa ya Jumapili. Au mwachie mdogo wako mnada mara mojamoja, hata akirudi na changu wa bei mbaya (atarudi nao, jiandae).

Halafu angalia mzani wako. Na yule mama anayekuletea pweza, unamlipa siku hiyohiyo au unamzungusha? Mimi ningeanzia hapo, kabla hata ya kuhesabu sadaka. Biashara usiache, una watoto wa kusomesha.