Ua la krisanthemu kwenye temari: pini kwanza, uzi baadaye

Wanaoiona temari kwa mara ya kwanza, yaani mpira wa Kijapani uliozungushiwa nyuzi na kudariziwa, huuliza moja kwa moja jinsi maua yake yanavyoshonwa. Kwa uzoefu wangu, swali hilo huja mapema mno. Ua la krisanthemu, ambalo Wajapani huliita kiku na ambalo hupamba mipira mingi ya aina hii, hunyooka au hupinda kutokana na kazi iliyofanyika kabla uzi wake haujatungwa kwenye sindano.

Zamani kiini cha temari kilikuwa vitambaa vikuukuu au maganda ya mpunga, ingawa leo wengi hutumia mpira wa povu gumu. Mimi napendelea maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine zetu za kukoboa hurundikwa tu nje, kwa sababu sindano huyapita bila kukwama na kiini hukubali kufinyangwa hadi kiviringike sawasawa. Juu yake zungusha uzi wa sweta, kisha uzi mwembamba wa cherehani, ukiugeuza mpira kila wakati ili uzi usipite njia moja mara mbili mfululizo. Usiuonee choyo uzi wa cherehani, kwani ndio ngozi itakayoshika mishono yote, na ukiwa haba mishono hulegea.

Sasa chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uubane kwa pini mahali utakapopaita ncha ya kaskazini, uuzungushe mpira mzima hadi urudi pale pale, kisha uukate. Ukiukunja katikati, mkunjo utakuonyesha ncha ya kusini. Ukiukunja tena, utapata ikweta. Zungusha ukanda huo upande huu na upande ule, ukiisogeza pini ya kusini kila inapokataa kuangukia mkunjo, mpaka pande zote zikubaliane. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, wala sioni haya kuwaambia wanaojifunza kwamba siku ya kwanza inaweza kuishia hapo. Kwa mpira wenye mzingo wa sentimita 24, gawa ikweta mara 16, na pini zitaachana kwa sentimita 1.5. Uzi wa dhahabu wenye urefu wa mita 2 na robo hivi utatosha kuuzunguka mpira mara 8 kupitia ncha zote mbili, na kila mzunguko utakupa mistari miwili, kama mipaka ya vipande vya chungwa. Funga makutano ya ncha kwa mshono mdogo ili mistari isicheze.

Kwa ua lenyewe tumia uzi mnene wa pamba wa kudarizi, namba 5, bila kufunga fundo: ingiza sindano mbali kidogo, uitokeze unapotaka kuanzia, na uache mkia wa uzi upotelee ndani. Weka pini kwenye kila mstari wa pili, sentimita 2 juu ya ikweta. Hizo zitakuwa ncha za petali. Toka kushoto kwa mstari usio na pini, karibu nusu sentimita kutoka kaskazini, shuka kulia hadi mstari unaofuata, na chini ya pini yake chota mshono mdogo kutoka kulia kwenda kushoto. Panda hadi mstari wa tatu, uchote vivyo hivyo karibu na kaskazini, na uendelee hadi petali 8 zikamilike. Geuza mpira, si mkono.

Uzuri wa ua hutoka kwenye mzunguko wa pili na kuendelea. Chini, kila mshono hukaa chini kidogo ya uliotangulia. Juu, sindano haina budi kupita nyuma ya nyuzi zote zilizokwisha kushonwa kwenye mstari huo, ikizikumbatia pamoja, na mshono upanuke kidogo kila safari. Huko kukumbatia ndiko kunakoifanya mizizi ya petali ionekane imesukwa. Vuta uzi hadi ulale tu juu ya mpira; ukiukaza zaidi, mstari wa dhahabu utavutwa upande na ua zima litapinda. Kuhusu rangi, ushauri wangu ni mfupi: anza na iliyokolea, umalizie na nyeupe au iliyofifia, kwa kuwa ukingo mweupe huonekana hata mwanga unapokuwa hafifu.

Ukitaka petali 16, shona seti ya pili ukianzia juu kwenye mistari yenye pini, ncha zake zikiangukia mistari isiyo na pini, mzunguko mmoja kwa kila seti kwa zamu, la sivyo ua moja litalifunika jingine. Kisha geuza mpira urudie kusini kwa mistari ile ile, ili ncha za petali za pande zote mbili zielekeane, na nafasi iliyobaki kwenye ikweta uizungushie mkanda wa uzi wa rangi mojawapo ya ua.