Diski za breki: zenye matundu au za kawaida?

SWALI: Kaka fundi, Subaru yangu naikimbiza trek (uwanja wa mbio za magari) wikendi, sasa diski za mbele zina vinyufa vidogo vidogo, nibadilishe? Na zile zenye matundu ndo bora?

JIBU: Mdogo wangu, pitisha ukucha juu ya ufa, ukinasa au ufa ukiwa umefika ukingoni, toa leo leo. Vile vyembamba visivyoshika ukucha ni joto tu, ila vikague kila ukitoka trek. Halafu pima unene kwa maikromita sehemu kadhaa, kipimo cha mwisho cha wembamba kimeandikwa kwenye diski yenyewe, ukikikaribia usiende nayo maana diski nyembamba inachemka haraka. Matundu mimi siyataki kabisa, nyufa zinaanzia hapo hapo, chukua za kawaida zenye njia za hewa katikati.