Jibu: Afisa wa probesheni kwa chifu anatafuta nini?

Dada, umeuliza kwa nini afisa wa probesheni, yaani idara ya serikali inayofuatilia wakosaji nje ya gereza, amefika kwa chifu huko Butere kuulizia kaka yako aliye gereza la Kodiaga, Kisumu, na nyinyi ombi la msamaha wa rais mlishapeleka. Msishtuke, ni kawaida.

Kamati inayomshauri rais, ile ya Kifungu cha 133 cha Katiba ya Kenya, haimjui kaka yako. Inasoma karatasi. Gereza huandika mwenendo wake huko ndani: nidhamu, kazi, kama alijifunza useremala na kadhalika. Probesheni huleta habari za nyumbani, na kwa maoni yangu hapo ndipo pagumu. Chifu ataulizwa, mzee wa kijiji ataulizwa, hata jirani mliyegombana naye juu ya mpaka. Anarudi kwa nani? Atalala wapi? Familia ya aliyekosewa nayo ina sauti, maana Katiba inairuhusu kamati kuzingatia maoni yao. Wazee wakiweza kuwakutanisha, vizuri, ila msiwalazimishe wala msiwape kitu.

Mkigundua kuna uongo umeandikwa, Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo kinampa mtu haki ya kurekebishiwa habari zisizo za kweli zinazomuathiri. Andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mambo ya simu achaneni nayo.

Ile theluthi ya kifungo inayopunguzwa kwa tabia njema ni hesabu ya gereza lenyewe, na mfungwa wa maisha kama kaka yako haipati. Chifu alishawaambia alijibu nini?