Wiki Ngapi? Maswali ya Wenye Watoto wa Mbwa

Mwezi huu simu yangu imejaa watoto wa mbwa. Nadhani ni hizi nyumba mpya zinazoota kila siku kule Nzuguni na Ihumwa, hapa Dodoma. Mtu akishapandisha ukuta anataka na wa kubweka nyuma yake. Mengi ya maswali nimeyaacha kwa sababu yameandikwa "Dokta, mbwa wangu mdogo achanjwe nini?", basi, umri haumo. Mdogo wa umbo au mdogo wa siku? Wa wiki 5 na wa wiki 15 wote ni wadogo, na majibu yao hayafanani hata kidogo. Nimeshalisema hili mara tatu hapa. Hii ni ya nne.

Shikamoo daktari. Nimenunua mtoto wa mbwa wa polisi, ana wiki 7. Aliyeniuzia kasema kashachanjwa kila kitu. Nimpeleke tena lini? (Kisasa)

Marahaba. Angalau wewe umetaja wiki, Mungu akuzidishie. Sasa nisikilize: mtoto wa wiki 7 "aliyechanjwa kila kitu" hajazaliwa bado. Chanjo ya yale magonjwa matano (nayataja kwenye swali linalofuata) huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho isichomwe kabla ya wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha wiki 12. Mwaka ukipita, anarudi tena.

Watu wakisikia kurudiarudia hudhani ni biashara yetu. Sababu ni dang'a. Maziwa yale ya siku ya kwanza humpa mtoto kinga ya mama yake, na kinga hiyohiyo huizima chanjo ikiingia mapema. Kwa mtoto mmoja huisha wiki ya 8, kwa ndugu yake wa tumbo moja yaweza kufika wiki ya 14, na kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana tunachoma, tunangoja, tunachoma tena, ili mojawapo ya sindano imkute kinga ya mama imekwisha. Anayeishia ile ya wiki ya 7 kacheza bahati nasibu.

Mdai muuzaji kadi. Sisemi karatasi yenye muhuri na maneno "amechanjwa". Kadi ina kile kibandiko kidogo kilichobanduliwa kwenye kichupa chenyewe, chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na pembeni yake tarehe na sahihi ya aliyechoma. Kibandiko hakipo? Hesabu hajachanjwa, anza upya, kurudia hakutamdhuru. Wengi mnaoniambia "kachanjwa", nikidadisi nakuta kanyweshwa dawa ya minyoo. Hiyo nayo ni lazima, kila wiki mbili tangu akiwa na wiki 2 hadi afike 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, ila haizuii parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu.

Na hili hukuniuliza, nakupa bure: wale wanaouzwa barabarani ndani ya boksi, macho yamefunguka juzi, msiwanunue. Mtoto asiachane na mama kabla ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kung'ata kwa kipimo. Akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakufa.

Hayo magonjwa matano ni yapi? (Makole)

Distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa, mafua ya mbwa (parainfluenza) na leptospira. Hiyo ya mwisho ndiyo homa ya mgunda iliyotutia hofu mwaka 2022 kule Lindi. Hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na mtu huipata pia. Soma kichupa, maana si kila chanjo inayoitwa ya matano ina yote matano. Kichaa hakimo humo, kina sindano yake.

Jirani kaniambia mtoto asitoke nje ya geti mpaka amalize chanjo zote. Wangu ana wiki 9, kachanjwa mara moja wiki mbili zilizopita. Nimfungie? (Ilazo)

Jirani yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeharibu mbwa wengi mjini hapa.

Akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kupokea mageni tangu wiki ya 3 hadi ya 12, ukivuta sana 14. Anachokikuta muda huo kisimdhuru, anakiweka kwenye fungu la kawaida. Baada ya hapo mlango hujifunga taratibu na kila kigeni kinakuwa cha kutiliwa shaka. Sasa piga hesabu mwenyewe: chanjo zinakwisha wiki ya 16. Ukingoja amalize ndipo umwoneshe dunia, umefika sokoni watu wamekunja majamvi.

Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Siku 7 baada ya sindano ya kwanza, akiwa mzima na keshapewa dawa ya minyoo, mtoe. Ila mtoe mikononi. Cha kuogopa ni kinyesi cha mbwa wa watu, dampo, uwanja wa mnada, na mbwa ambao hujui habari zao. Huko miguu yake isikanyage. Kwenda naye mnada wa Msalato kwa kamba ni kumpeleka kuzikwa.

Mfunge kwenye kanga au mweke kwenye beseni, ukae naye mbele ya geti kwenye saa kumi na mbili jioni, jua likishapoa. Dakika kumi zinatosha. Bodaboda zipite. Bajaji ipige honi. Wapite watoto wa shule na sare zao, mama wa mchicha, fundi na ngazi begani, mlinzi na koti lake refu, punda na madumu ya maji. Kila kipya kikipita, mpe kipande cha dagaa. Ukiona amefyata mkia au anageuza uso, usimsukumie kile anachokiogopa. Rudi nyuma hatua kadhaa, atazame kwa mbali. Na watoto wa mtaa wasimrundikie mikono kumi kwa pamoja. Mmoja mmoja, wakiwa wamekaa chini.

Ndani nako kuna kazi. Azoee blenda, azoee sauti ya mvua kwenye bati (tumia simu, maana ukingoja mvua ya Dodoma mtazeeka wote wawili), azoee kushikwa masikio, kufunguliwa mdomo, kukaguliwa katikati ya vidole kama ana kupe. Nitamchoma sindano mbwa huyo nikiwa peke yangu. Wale wengine huja na vijana wanne wa kumlalia, na bado mmoja anaondoka na alama.

Kama jirani huyohuyo ana mbwa mkubwa mtulivu mwenye kadi iliyokamilika, mpeleke wakacheze uani kwake. Hapo ushauri wake utakuwa na faida.

Mimi nataka mlinzi, sitaki mwanasesere. Nikimzoesha watu si atawachekea wezi? Nimeambiwa nimfungie bandani mchana asione mtu. (Nkuhungu)

Nilikuwa nakungoja. Kila mwezi unakuja, unabadilisha mtaa tu.

Mbwa wa kufungiwa haongezeki ukali, anaongezeka woga, na mwoga hung'ata chochote asichokijua, awe mwizi, awe msoma mita, awe shangazi yako katoka Kondoa. Mlinzi ni yule anayeijua kawaida ya nyumba. Huyo ndiye atakayeshtuka isiyo ya kawaida ikitokea. Yule anayebwekea mpita njia, kuku na jani la mwarobaini, baada ya mwezi mmoja wenye nyumba mmeshamzoea, mnageukia upande wa pili mnaendelea kulala. Mwizi anapita katikati ya kelele hizo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja, mtaa siutaji. Banda la mabati, mlango wa nondo, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani kulikuwa na dume, manyoya ya shingo yamekatika kwa mnyororo, ananitazama kwa pembe ya jicho wala habweki. Niliogopa kule kunyamaza kuliko kubweka. Tangu aachishwe ziwa alikuwa akikaa humo, anafunguliwa saa nne usiku. Alikuwa amemng'ata binti wa nyumba ileile, karudi likizo kutoka shule ya bweni, katoka usiku kwenda choo cha nje. Kwa mbwa yule binti alikuwa mgeni, na aliyetakiwa kuwajulisha alikuwa ndiye anayeshika ufunguo wa banda. Baba mtu akaniuliza kama nina dawa ya kumpoza. Mbwa alikuwa na miaka miwili. Dawa yake ilikuwa wiki ya 8, na tulikuwa tumechelewa wiki zaidi ya 90.

Ulinzi huja wenyewe akikomaa, kwenye mwaka mmoja hadi miwili. Mnajua kusema samaki mkunje angali mbichi, lakini mkishasema hivyo kwa watoto wenu, mbwa mnamkunja kwa mnyororo.

Ni kweli akila pilipili anakuwa mkali? (Chang'ombe)

Anaharisha. Ukitaka kujua ukali wake, kula wewe.

Naweza kununua chanjo kwenye duka la dawa za mifugo nikachoma mwenyewe? Kuchoma sindano najua, nafuga ng'ombe. (Bahi)

Mkono wako siutilii shaka. Naitilia shaka safari ya kichupa. Chanjo hizi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, tangu kiwandani hadi dakika ya kuchomwa. Ikipata joto, kinachobaki ni maji. Ikiganda kwenye friza, ya kichaa na nyingine za majimaji zimeharibika vilevile. Ubaya wake ni kwamba haibadiliki rangi wala harufu. Mtu mmoja aliniletea kichupa ndani ya mfuko wa shati, kakitoa stendi kwa miguu, saa nane mchana, jua la Oktoba. Kilikuwa cha moto kama yai lililotagwa sasa hivi. Nilipomwambia akitupe alinuna, akanitajia bei aliyonunulia.

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo asubuhi, au mwite afisa mifugo wa kata na umuone kwa macho yako akitoa chanjo kwenye boksi la barafu. Mwenye kuitoa mfukoni, mpe maji anywe, muagane.

Kampeni ya serikali ikipita na sindano ya bure, inatosha? (Mpwapwa)

Kwa kichaa, ndiyo, na mpeleke bila kukosa kila mwaka. Kwa parvo na wenzake, hapana, haiwahusu.

Mtoto wa mbwa wangu wa wiki 10 kamkwaruza mwanangu kwa meno wakicheza, damu kidogo sana. Bibi yake kampaka chumvi na majivu. Kuna haja ya kwenda hospitali? (Chamwino)

Ipo, na mngekuwa mmeshakwenda badala ya kuniandikia. Wiki 10 maana yake chanjo ya kichaa bado. Watu wanadhani kichaa ni cha mbwa mkubwa anayedondosha mate. Mtoto wa mbwa naye hukipata, na meno yake madogo yanatosha.

Kwa heshima zote kwa bibi, shikamoo yake, majivu yaondoke. Jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mtu ashike saa. Kisha hospitali siku hiyohiyo, mtoto aonwe na aanze chanjo wakisema aanze. Haimaliziki kwa sindano moja, kuna tarehe za kurudi; msiziache kwa sababu kidonda kimepona. Kichaa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Mbwa msimuue. Mfungieni mahali salama, mumtazame siku 10, afisa mifugo apewe taarifa. Akiwa mzima siku ya 10, maana yake siku ile ya kung'ata hakuwa na maambukizi kwenye mate. Mkimuua na kumzika, mmezika na jibu.

Wangu alikufa kwa kuharisha damu mwezi uliopita. Nimepata mwingine wa wiki 8, nimuweke banda lilelile? (Kizota)

Usimuweke. Kuharisha damu kwa umri ule, naidhania parvo, na kirusi chake hukaa mazingirani miezi mingi, mwaka hata zaidi kwenye kivuli chenye unyevu. Sabuni ya kawaida haikisumbui. Sakafu ya saruji iondoe uchafu wote kwanza, halafu mwaga ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ikae dakika 10 ndipo usuuze. Vyombo vya chakula vivyo hivyo, matandiko choma. Ila uani kwako najua ni mchanga, na mchanga hausafishiki. Huyu mdogo mwache alipo mpaka amalize sindano ya wiki ya 16, umtembelee hukohuko na ule utaratibu wa kanga na dagaa. Kama haiwezekani, chukua mbwa mkubwa mwenye kadi kamili.

Dokta mbwa wangu mdogo hali tangu jana na anatapika nifanyeje. (Hakutaja alipo)

Wiki ngapi? Kachanjwa lini, mara ngapi? Kinyesi kikoje? Usinijibu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hayo atakuuliza yeye, na ukifika mwache mbwa kwenye gari au kwenye boksi nje kwanza, kuna watoto wengine mle ndani wamekuja kuchanjwa.