Muulize Fundi: Nasafishaje rejeta mwenyewe nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina Carina niliinunua kwa mtu. Nikifungua mfuniko wa rejeta maji yana rangi ya kutu na mdomoni kuna ukoko mweupe mgumu. Mjini haina shida ila juzi naenda Iringa kwa njia ya Mtera, kupanda Nyang'oro mshale wa joto ukakaribia H ikabidi nipaki nisubiri. Nataka nimwage yote niweke kulanti (ile dawa ya rejeta ya kupoza injini) mwenyewe, na je maji ya bomba yanafaa kuchanganyia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndio ugonjwa wenyewe: hapana, hayafai. Angalia birika lako la chai, ule ukoko unaoganda ndani unatoka kwenye maji yetu haya ya visima vya Mzakwe, yana chumvichumvi, sasa yakipata moto kila siku ndani ya injini inaganda vilevile, na vijibomba vya rejeta ni vyembamba sana, vikishaziba nusu gari inavumilia safari za sokoni tu, ukiipeleka mlimani na mzigo inachemsha.

Nunua maji ya betri, yale safi ya kuongezea SIO asidi, soma dumu vizuri. Kipindi cha mvua hata ya mvua yanafaa kama umekinga bati likishaoshwa.

Kazi ifanye asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa ya moto usifungue mfuniko, yale maji yana presha yatakubabua uso, na usije ukamimina maji baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi (kile kipande cha juu cha injini) inapinda au inapasuka. Weka beseni chini, fungua kizibo cha chini ya rejeta taratibu (mara nyingi ni cha plastiki na kwa gari ya zamani kinakatika kirahisi), osha na kile kichupa cha akiba. Funga, jaza maji matupu, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, ya kwako naona itafika mara 3 au 4. Kwa kuosha tu bomba sio mbaya ila mara ya mwisho suuza na maji ya betri. Sabuni ya unga usiweke, povu lake halitoki lote.

Sasa hapa ndio wengi wanakosea, na naomba unielewe vizuri. Ukimwaga, maji hayaishi yote, mengine yanabaki kwenye bloku (mwili wa injini) na kwenye hita. Tuseme mfumo wako unachukua lita 6 na zimetoka 4, ukiweka lita 4 za kulanti iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu unabaki na theluthi tu ya kulanti, sio nusu. Kwahiyo nunua ile nzito isiyochanganywa, mimina lita 3 kwanza, alafu malizia na maji ya betri. Baridi ya kugandisha hatuna Dodoma lakini tunataka kinga ya kutu na isiwahi kuchemka. Usichanganye kijani na nyekundu, dawa zake zinaweza kugombana zikafanya uji.

Kutoa hewa: paki pua ya gari ikiangalia juu, hita moto, mfuniko wazi, iache sailensa (inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), maji yakishuka ongeza, mpaka feni iwake na mapovu yaishe. Funga. Kesho yake ikiwa baridi angalia tena.

Na huo mfuniko ukague mpira wake. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, maji matupu wazi yanachemka nyuzi 96 hivi, kinachoyazuia ni presha inayoshikwa na mfuniko, ukichoka unachemsha hata rejeta ikiwa safi.

Kulanti ni sumu na ina utamu, kuku, mbwa na hata mtoto anaweza kuinywa. Usiache beseni uwani hata dakika 5, weka kwenye dumu ufunge.

SWALI: Kaka fundi, mi niko Manyoni, gari ilichemsha fundi akatoa themostati (kile kivali kinachofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta) akasema huku kwenye joto haina kazi. Ni sawa?

JIBU: Sio sawa dada yangu, irudishe. Toyota nyingi ndogo inafunguka nyuzi 82, ikitolewa injini inakimbia baridi kwenye lami ndefu, inakula mafuta na inachakaa haraka. Kabla hujaweka mpya itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ukiona imefunguka ni nzima, ikigoma kairudishe dukani.