Maswali ya Wasomaji: Ndugu Wanane, Gari Moja, Baridi Kali

Barua za msimu huu nyingi zinahusu gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na karibu zote zimetoka kwa watu wanaosafiri na ukoo wakati wa theluji. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi.

Mwenye gari ametuambia lina vitanda vya watu wanane, nasi tuko wanane: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkwe, wifi yangu na mumewe. Tutatosha? (Mama wa watatu)

Kulala mtatosha. Kusafiri ni suala jingine, dada. Ingia garini uhesabu mikanda ya usalama kabla hujalipa chochote, maana magari mengi ya vitanda vinane hayana mikanda minane. Asiye na mkanda hapandi. Wala mtu asijilaze kitandani gari likiwa barabarani, hata kama ni mtoto aliyeshikwa na usingizi. Breki moja ya ghafla kwenye barafu inatosha kumrusha.

Halafu kuna uzito. Soma bamba la mtengenezaji lililobandikwa garini, mara nyingi karibu na mlango wa dereva, uone uzito wa juu unaoruhusiwa. Tuseme ni kilo 6,500, na gari tupu lina kilo 5,600. Mmebakiwa na 900. Watu wazima watano wa kilo 75 na watoto watatu wa kilo 35 ni 480. Maji lita 150 ni kilo 150, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Mitungi miwili ya gesi pamoja na chuma chake ni kama 50. Nguo za baridi na buti ni nzito, mpe kila mtu kilo 20, hapo ni 160. Zimebaki kilo 60 kwa chakula, sufuria, mablanketi, sepetu na minyororo ya matairi. Hazitoshi. Gari lililozidi uzito husimama kwa shida hata kwenye lami kavu, na matairi ya nyuma mara nyingi ndiyo hupasuka kwanza. Lipakieni kila kitu, watu wakiwa ndani, mlipeleke mizani kabla ya safari na mpime kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, peke yake.

Ushauri wetu ni kuchukua gari dogo la pili kwa watu watatu. Litapunguza mzigo, na mtakuwa na usafiri wa kwenda kununua gesi au kumpeleka mgonjwa bila kung'oa kambi nzima.

Tuko sita. Kila asubuhi maji yanatiririka kwenye vioo, na juzi tumekuta magodoro yamelowa upande wa chini. Mjomba anasema baridi inaingia, kwa hiyo anaziba kila tundu kwa taulo. Tufanye nini? (Msomaji aliye safarini)

Mwambieni mjomba kwa heshima kwamba taulo ndizo zinazolowesha magodoro. Maji hayo hayatoki nje, yanatoka kwenu. Mtu aliyelala hutoa mvuke wa maji wa kama gramu 40 kwa saa kwa pumzi na ngozi. Watu sita kwa saa nane ni karibu lita mbili, na zisipopata pa kutokea zitageuka matone kwenye kioo, kwenye bati na kwenye ubao ulio chini ya godoro, ambao ni baridi kwa sababu joto la mwili haliufikii. Inua kona ya godoro asubuhi upapase ubao kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa na unyevunyevu leo, baada ya siku chache utaona vidoa vyeusi vya kuvu.

Jiko la gesi linaongeza. Kila kilo moja ya propani inayoungua hutoa maji ya kilo moja na nusu na zaidi. Hita ya gari yenye bomba la kutolea moshi nje haileti shida hii, kwani mvuke wake unaishia nje. Kile kihita kidogo cha gesi cha kubeba mkononi, kisicho na bomba, humwaga mvuke wote ndani pamoja na hewa yenye sumu. Kiacheni nyumbani.

Fungueni tundu la juu ya paa vidole viwili, na dirisha moja upande wa pili kidogo tu, usiku kucha. Hita iendelee kuwaka. Ndiyo, gesi kidogo itapotea, lakini mvuke utapata pa kutokea. Pikeni sufuria zikiwa na mfuniko na tundu la jikoni likiwa wazi. Koti lenye theluji likung'utwe nje, kisha litundikwe bafuni mlango ukiwa umefungwa na tundu la bafu likiwa wazi, si juu ya kiti cha dereva. Wekeni chaga za mbao au wavu maalumu chini ya magodoro ili hewa ipite. Milango ya makabati yaliyo kwenye ukuta wa nje iachwe wazi usiku.

Nunueni kipimo cha unyevu, kile kidogo cha kubandika. Kikisoma asilimia 40 hadi 50 mko salama, kikipita 60 fungueni zaidi. Kipimo kitamaliza ubishi na mjomba pasipo mtu kumkosea adabu.

Mabomba yetu yaliganda usiku ilhali ndani kulikuwa na joto, kwa kuwa tulikuwa na hita mbili za umeme. Imekuwaje? Na tunazuiaje? (Kaka mkubwa wa familia)

Hita za umeme ndizo zilizowaponza. Katika magari mengi, hita ya gesi hupitisha hewa ya moto chini ya sakafu, kwenye nafasi yaliko matangi na mabomba. Mkiwasha hita za umeme chumbani, kidhibiti joto kinaona chumba kina joto na hita ya gesi haiwaki kabisa. Nyinyi mnalala kwa raha, huku chini kunaganda. Kwenye baridi kali hita ya gesi ndiyo iwe ya kwanza, ya umeme iwe ya kusaidia.

Sehemu zinazoganda mwanzo ni mpira wa maji wa nje, valvu za kumwagia maji machafu, na bomba lolote linalopita kwenye kabati la ukuta wa nje. Kwa hiyo msiache mpira umeunganishwa usiku. Jazeni tangi la ndani mchana, ung'oeni, mumwage maji yaliyobaki ndani yake na mwuweke ndani. Valvu ya maji machafu ikae imefungwa. Wengi huiacha wazi ili maji ya kuosha vyombo yatoke kidogo kidogo, na yale matone ndiyo yanayojenga barafu ndani ya bomba hadi linaziba. Mwageni tangi likifika theluthi mbili, kwa mkupuo mmoja, maji yatoke kwa nguvu.

Mkiona baridi itawashinda, au gari litaegeshwa bila moto, toeni maji yote na mpitishe dawa ya kuzuia kuganda:

Zimeni hita ya maji, muiache ipoe kabisa, fungueni bomba moja kutoa mgandamizo, kisha ndipo mfungue kizibo chake. Maji ya moto yenye mgandamizo yanaunguza vibaya. Mwageni tangi la maji safi. Geuzeni valvu za kupita pembeni ya hita, la sivyo lita 20 na kitu za dawa zitaishia kujaza tangi lake. Tumbukizeni mpira wa kunyonyea wa pampu kwenye dumu la dawa, washeni pampu, na mfungue bomba la mbali zaidi, baridi kisha moto, mpaka rangi ya dawa itokee. Rudieni kwa kila bomba, bafu na choo. Mimineni nusu lita kwenye kila tundu la sinki na la bafu. Gari la kawaida hutumia lita 8 hadi 12.

Dawa iwe ya propilini glikoli iliyoandikwa kwamba ni ya mabomba ya maji ya kunywa. Kulanti ya injini mara nyingi ni ethilini glikoli, nayo ni sumu inayoua figo. Haifai hata tone.

Bomba likishaganda, zimeni pampu, fungueni bomba la sinki, na mpulize hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele, mkianzia upande wa sinki mkirudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Msitumie moto wa aina yoyote. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, hivyo ufa huwepo tangu usiku lakini huvuja barafu ikiyeyuka. Baada ya kuyeyusha, washeni pampu huku mabomba yote yamefungwa, mkae kimya msikilize. Pampu ikinguruma na kunyamaza, kisha baada ya muda ikanguruma tena, kuna mahali panavuja.

Shikamooni wahariri. Hita ilizimika saa tisa usiku, ila mtungi ulipotikiswa ulikuwa bado na gesi. (Kijana wa mwisho nyumbani)

Marahaba. Anza na kusikiliza feni. Ikizunguka vizuri ila moto hauwaki, tatizo ni gesi. Ikizunguka kwa uvivu au haizunguki, ni betri.

Kuhusu gesi, soma mtungi. Butani huacha kugeuka mvuke joto likifika karibu na sifuri, wakati propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa mchanganyiko hutoa propani kwanza, kisha unabakiwa na butani iliyolala chini kama maji, ndiyo uliyoisikia ikitikisika. Wakati wa theluji tumieni propani tupu. Msiupashe mtungi moto. Hita ya kilowati 9 ikiwaka mfululizo hula kama theluthi mbili ya kilo kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 11 ni saa 16 za moto. Ikiwaka nusu ya muda, mtungi unakaa siku moja na theluthi hivi. Badilisheni kabla ya kulala.

Kuhusu betri, feni hula ampea 5 hadi 8. Betri ya asidi ya saa-ampea 100 (kiasi cha umeme inachohifadhi) isishushwe chini ya nusu, na kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inatoa karibu nusu tu ya uwezo wake. Usiku mmoja wa feni unaweza kuimaliza. Betri ya lithiamu haikubali kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, huharibika ndani moja kwa moja, hivyo ikae sehemu yenye joto.

Jiko la gesi linaweza kuachwa linawaka usiku ili bibi asisikie baridi?

Hapana. Halina bomba la moshi, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Wekeni kengele ya kaboni monoksidi, muibonyeze kuijaribu kila wiki, na muangalie tarehe ya mwisho nyuma yake. Kila theluji ikianguka, mtu mmoja atoke kufukua bomba la moshi la hita na matundu ya paa. Watu wawili wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, kisha ombeni msaada wa dharura.

Tugawane vipi gharama na kazi bila kugombana? (Shemeji wa kati)

Tenganisheni mafungu mawili. Kodi ya gari na bima zilipwe kwa familia kulingana na vitanda. Mafuta na gesi kwa vichwa. Andikeni mapema nani atabeba hasara ya amana gari likikwaruzwa, maana hilo likijadiliwa baada ya tukio huzaa kinyongo.

Kazi ziwe na mwenyewe: mmoja wa maji, mmoja wa gesi na betri, mmoja wa kidhibiti joto. Joto likigeuzwa na kila apitaye, gesi inaisha usiku wa manane na hakuna anayejua kwa nini. Hita ya maji ya lita 22 inatosha kuoga watu wanne, kila mmoja akilowa, akifunga bomba, akijisugua, kisha akajisuuza.

Madereva wawe wawili, na saa nne hadi tano za usukani kwa siku zinatosha, nuru ikiwepo. Joto likishuka nyuzi 10 upepo wa tairi hupungua psi (kipimo cha mgandamizo) 2 hadi 3, kwa hiyo pimeni asubuhi kabla ya kuondoka. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini. Jifunzeni kuifunga kwenye uwanja mkavu kabla ya safari. Mkiegesha, tumieni gia na kabari, kwa kuwa breki ya mkono iliyolowa huganda na gurudumu halitoki. Jeki zisimame juu ya mbao.

Mama ana kisukari na hutumia insulini. Tumlaze wapi, dawa tuiweke wapi?

Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Isikae kwenye makabati ya nje wala kwenye kona ya ukuta wa nje, wala kwenye gari lililozimwa moto. Akitoka, aibebe mfuko wa ndani wa koti. Na gari likipita siku nzima kwenye baridi, pimeni friji yenyewe kwa kipimajoto, kwani friji za gesi zinaweza kushuka chini ya sifuri. Insulini isiyofunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8.

Mpeni kitanda cha chini, mbali na dirisha na karibu na choo, na taa ndogo ya kuwaka usiku. Ngazi ya mlangoni mwageni mchanga kila jioni, na mmoja wenu amshike mkono akishuka.